Idara yetu ya lugha za Kislavoni imegeuka ndani ya mwaka mmoja, nibaki na Kirusi au nihame?

binti_uyole:

Habari za majukumu wakuu, wakubwa wote shikamooni. Niko nyumbani Uyole kwa likizo, baridi ya mwezi wa nane mnaijua, naandika nimejifunika blanketi mbili na chaji iko asilimia 30 kwa hiyo nikikatika katikati mnivumilie.

Nasoma Ujerumani, upande wa mashariki, chuo sikitaji. Idara yangu ni ya lugha za Kislavoni, yani Kirusi, Kiukraine, Kipolandi na ndugu zao, majirani nikiwaambia wanadhani ni kitu cha kanisani. Na kweli nilienda kule mara ya kwanza kwa mwaka wa kujitolea kupitia kanisa, nikapangiwa nyumba ya kutunzia wazee, wahudumu wenzangu wawili walikuwa wale Wajerumani waliozaliwa Kazakhstan wakarudi kwao, wakiwa jikoni ni Kirusi tupu. Na wale wazee wenyewe, enzi za Ujerumani Mashariki Kirusi kilikuwa lazima shuleni kuanzia darasa la tano, yani unamwamsha bibi wa miaka 80 unamwambia dobroye utro anacheka halafu anaanza kukukaririsha shairi la darasani. Mi nikanogewa. Mwaka ulipoisha nikaomba chuo, baba akauza kiwanja cha Isyesye tukaweka ile hela ya akaunti maalum wanayoitaka kabla ya viza, euro 11,904 kwa mwaka, unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi basi. Pigeni wenyewe kwa shilingi mjue kwa nini kiwanja kiliondoka. Ada hakuna, unalipa mchango wa muhula tu.

Sasa nimeingia Oktoba mwaka jana nimeikuta idara kama nyumba inayohamwa. Kirusi cha wanaoanza zamani kilikuwa na makundi mawili, sa hivi kimoja na hakijai. Sisi wa kundi la juu tulikuwa 9. Kiukraine walipanga darasa la watu 12, tukaja 20 na ushee, kila Jumanne tunabeba viti kutoka darasa la Kifaransa hapo jirani na wenye Kifaransa wananuna. Mwalimu ni mama wa Kharkiv kule Ukraine, mkimbizi, mkataba wake ni wa muhula mmoja mmoja, kila ikikaribia mwisho hajui kama atarudi. Huyo mama amekua akiongea Kirusi nyumbani kwao, 2022 akaamua kukiacha, hata na mwanae hakiongei tena. Alituambia miezi ya kwanza alikuwa anaongea kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, neno kwa neno.

Halafu kuna mwalimu wetu wa Kirusi, mama wa St. Petersburg, yuko pale zaidi ya miaka 20. Nieleze kitu kimoja mpate picha. Kwa Kirusi ukitaka kusema "huko mahali fulani" kuna neno "na" na kuna neno "v". Hiyo "na" yao ni kama "juu ya", inakwenda na visiwa, milima, maeneo maeneo. "V" ni "ndani ya", ndiyo ya nchi zilizokamilika, v Tanzanii, v Germanii (Zanzibar inapewa "na", yani "na Zanzibare", kwa kuwa ni kisiwa, tafadhali msianzishe mada ya muungano hapa). Ukraine kwa mazoea ya Warusi inapewa "na". Waukraine wanasema dharau imejificha hapo hapo, sisi siyo kona ya shamba la mtu, tuna mipaka, tupeni v. Wapolandi nao wana shida ile ile kwenye lugha yao, 2022 baraza lao la lugha likahimiza watu waseme w Ukrainie badala ya na Ukrainie. Basi mwalimu wetu akifika kwenye hilo neno anasita nusu sekunde, kama mtu anayevuka mfereji ana ndoo kichwani, halafu anasema v. Mwaka mzima hajakosea hata mara moja na mwaka mzima hajaacha kusita. Hakuna mtu amewahi kulizungumzia darasani.

Profesa wa fasihi ya Kirusi kastaafu mwezi wa tatu, nafasi yake haijatangazwa, tetesi zinasema itakuja nusu ajira ya fasihi za Ulaya ya Kati na Mashariki. Kubadilishana wanafunzi na St. Petersburg kulikufa 2022 vita vilipoanza, vyuo vya Ujerumani viligandisha ushirikiano na vya Urusi, sa hivi wa Kirusi wanapelekwa Almaty kule Kazakhstan au Tbilisi kule Georgia. Na kuanzia Oktoba hii idara inamezwa, tunaunganishwa na Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano, katibu mmoja kwa wote, maktaba yetu ya ghorofa ya tatu nimeiacha iko kwenye maboksi.

Barua imekuja, hadi tarehe 15 Septemba niwe nimechagua lugha kuu. Kirusi, Kiukraine au Kipolandi (hicho nimesoma muhula mmoja tu kama lugha ya pembeni, niko hoi nacho). Baba anasema "umeenda kusomea lugha za watu wanaopigana". Mama yeye hajasahau habari ya Januari 2023, yule kijana wa Kitanzania aliyeenda kusoma Urusi akafungwa akaishia kufia vitani Ukraine na kundi la Wagner, wale mamluki wa Urusi, mpaka serikali ikathibitisha, kwa hiyo akisikia Kirusi tu anashika kifua, hata nimwambie mi niko Ujerumani.

Naombeni mawazo. Matusi wekeni akiba.

Bosi Parachichi:

Mdogo wangu pole na masomo ila kiwanja Isyesye?? Mwambie mzee asithubutu kwenda kuuliza bei sa hivi, presha itapanda. Kwa hela hiyo huku Makambako ungepata ekari zako ukapanda miche ya parachichi ya Hass, mwaka wa tatu ushaanza kuchuma, mnunuzi anakuja mwenyewe na kreti zake. Sasa we unachagua kati ya lugha tatu ambazo kuanzia Igawa mpaka Tunduma hakuna hata mtu mmoja utakayemsalimia nazo. Sitanii nakuuliza kwa nia njema, ukimaliza unarudi kumfundisha nani?

Kamwene_Kihesa:

Bosi parachichi siyo kila kitu ni kreti. Acha dada aulize.

Dada kamwene. Mimi nafundisha isimu chuo kimoja hapa Iringa, Kislavoni sikijui kwa kuongea ila naijua familia yake kwa vitabu. Kwa wasioelewa mada, ni kama ukoo. Mashariki kuna Kirusi, Kiukraine na Kibelarusi. Magharibi Kipolandi, Kicheki, Kislovakia, na hapo hapo Ujerumani mashariki kuna Wasorbia, Waslavoni wadogo waliozungukwa na Kijerumani pande zote. Kusini Kibulgaria, Kimasedonia, Kislovenia na kile walichokuwa wanakiita Kiserbokroatia, Yugoslavia ikavunjika na lugha ikapata majina manne, sa hivi vyuo vya huko vinaandika BKMS, Kibosnia Kikroatia Kimontenegro Kiserbia, ili asikasirike mtu. Kama hulielewi hilo nenda Kyela uvuke Mto Songwe. Upande huu Kinyakyusa, upande wa Karonga ni Kingonde, mabibi wanasikilizana sokoni bila mkalimani, ila muulize Mngonde kama yeye ni Mnyakyusa uone.

Idara yenu imegeuka kwa sababu karne nzima idara hizi zilikuwa idara za Kirusi zenye bango kubwa. Kirusi ndiyo barabara ya lami, Kiukraine kichochoro, ukikitaka subiri mwalimu apatikane. Na hicho kichochoro hakikuja chenyewe, mwaka 1876 tsar, mfalme wa Urusi, alipiga marufuku kuchapisha karibu kila kitu kwa Kiukraine, wakubwa wakasema hiyo siyo lugha ni Kirusi cha wakulima. 2022 ndo kila mtu kashtuka. Chama kikubwa cha watafiti wa eneo hilo kule Marekani mkutano wake wa 2023 mada kuu ilikuwa kuondoa ukoloni, neno ambalo sisi tumelisikia tangu tuko fomu two, wao ndo wanalifungua kwenye nailoni.

Lakini dada nikutahadharishe na kitu, usihesabu viti. Hesabu mikataba. Darasa la Kiukraine limejaa sawa, mwalimu wake ana mkataba wa miezi sita. Maana yake chuo kimeipokea hiyo lugha kama mgeni, kimempa kigoda siyo chumba. Vita vikiisha, au wakubwa wakichoka, darasa linafutwa kwa barua pepe moja. Na kuunganishwa na Kifaransa usidhani ni usafi wa ofisi tu. West Virginia University Septemba 2023 bodi ilipiga kura kufuta programu 28 na nafasi 143 za wahadhiri, idara ya lugha za kigeni ikavunjwa, vikabaki vipindi vichache vya Kihispania na Kichina. Mwaka 2025 jimbo la Indiana wametunga sheria, shahada ya kwanza isiyotoa wastani wa wahitimu 15 kwa miaka mitatu inaingia kwenye hatari ya kufutwa, zaidi ya programu 400 vyuo vya umma zimefutwa, zimesimamishwa au zimeunganishwa. We umesema Kirusi mko 9. Ujerumani siyo Marekani najua, ila mhasibu ni mhasibu popote.

Ushauri wangu, chagua yenye mwalimu wa kudumu. Je ni ipi?

binti_uyole:

Ya kudumu ni Kirusi (mama wa St. Petersburg, kabakiza miaka minne) na Kipolandi (kijana tu, kaajiriwa juzi). Sikuwahi kuliangalia hivyo hata siku moja mkuu. Yani nilikuwa naangalia darasa gani lina watu wachangamfu.

Bosi, swali lako nimelisikia. Nikirudi sijui namfundisha nani. Ndo maana nimekuja kuuliza, siyo kwamba nina jibu nimeficha.

TundumaMpakani:

Bosi hapo unapotosha, kazi zipo. Binamu yangu yuko hoteli moja Nungwi, Wapolandi wanashuka na ndege za kukodi kutoka kwao moja kwa moja, na mfanyakazi anayejua dzień dobry na bei za boti anakula tipu kuliko mwenye Kiingereza safi. 2022 vita vilipoanza mamia ya watalii wa Ukraine walikwama pale, kadi za benki hazisomi, watoto wanalia, binamu anasema wahudumu wenye Kirusi walikuwa wanagombewa kama maji ya bomba. Halafu kuna urani. Mto Mkuju, Namtumbo, mradi uko chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la Warusi, Julai 2025 rais kazindua kiwanda cha majaribio. Unadhani mikataba na maelezo ya mitambo yanakuja kwa Kingoni? Dada baki na Kirusi, Songea siyo mbali.

Na trekta za Ursus zile zilizokuwa zinaunganishwa Kibaha ni za Poland, mwenye Kipolandi angekuwepo mapema angetusomea vitabu vya spea maana fundi wetu hapa alikuwa anaangalia michoro tu.

Mzee wa Kiwira:

Binti, marahaba. Nimeusoma uzi huu mara mbili, nimevaa miwani nikavua nikavaa tena, kwa sababu umeitaja Kharkiv.

Mimi nilikuwa huko 1982 hadi 1988. Sisi tukiita Kharkov, ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka wa kwanza unakaa podfak kujifunza Kirusi, miaka mitano iliyofuata kilimo, nikarudi nikafanya kazi utafiti hapo hapo Uyole mpaka nikastaafu. Kwa hiyo unaweza kukuta nimewahi kununua mahindi ya kuchoma kwa mama yako.

Nikwambie kisa. Wiki ya sita hivi Kirusi changu kimeanza kusimama, nikaenda soko la wakulima kununua vitunguu. Vitunguu kwa Kirusi ni luk, neno fupi, nimelifanyia mazoezi njia nzima. Yule mama ananitazama, anaokota kitunguu ananiinulia usoni anasema tsybulia. Mi nasema luk. Yeye tsybulia. Nikadhani ni aina ya kitunguu. Nimerudi bwenini namuuliza mwalimu, akakunja uso akasema hilo ni neno la kijijini usilichukue, utaharibu matamshi yako. Nikaliacha. Mimi mtoto wa Rungwe niliyevishwa kibao shingoni darasa la nne kwa kusema Kinyakyusa uwanjani, nikaliacha bila kujiuliza. Nimekaa miaka sita katika nchi ile nikisikia Kiukraine kwenye mabasi nikidhani nasikia Kirusi cha watu wasiosoma.

Sasa niambie wewe unayesoma Kipolandi, kitunguu wanakiitaje?

Na jambo la pili. Sisi wa kilimo walitufundisha udongo wao mweusi, chernozem, tulichimba shimo mpaka mita moja bado ni mweusi, mhadhiri anajaza kiganja ananusa kama ugoro. Udongo bora duniani, tuliandika hivyo madaftarini. Hakuna mtu hata mmoja kwa miaka sita aliyetuambia kwamba juu ya udongo ule ule 1932 na 1933 watu walikufa njaa kwa mamilioni kwa sababu nafaka ilichukuliwa na serikali. Mwenye nyumba mmoja mzee tuliyekuwa tunamtembelea alikuwa anafagia makombo ya mkate mezani kwa kiganja anakula, sisi vijana tunachekana pembeni. Neno Holodomor nimelisikia nikiwa na pensheni tayari.

Kwa hiyo idara yenu kugeuka mimi siiti fasheni. Kirusi unacho, hakuna atakayekuja kukutoa kichwani. Chukua Kiukraine, mkataba wa mwalimu ukiisha utakuwa umeshamnyonya ya kutosha.

binti_uyole:

Shikamoo tena mzee wangu, ndaga fijo. Nimemsomea mama hii komenti yako kwa sauti, anasema kama ni yule bwana shamba mwenye baiskeli ya bluu anakukumbuka.

Kitunguu kwa Kipolandi ni cebula. Tse-bu-la. Yule mama wa sokoni alikuwa anaongea na wewe neno ambalo Warszawa wangelielewa kuliko Moscow. Na siyo hilo tu, asante kwa Kirusi ni spasibo, kwa Kiukraine diakuyu, kwa Kipolandi dziękuję. Nikirudi ntamwambia mwalimu kisa chako, sijui atacheka au atalia, huwa simuelewi.

Bosi Parachichi:

Mzee heshima yako, hapo kwa udongo umenigusa kama mkulima. Ila narudi pale pale. Kamwene anasema hesabu mikataba, Tunduma anasema Namtumbo, mzee anasema Kiukraine. Mtoto atoke na lipi? Halafu hii habari ya kuondoa ukoloni mbona naona Wazungu wanaondoleana wenyewe kwa wenyewe, sisi tuko pembeni tunashika koti.

Kamwene_Kihesa:

Bosi leo umeongea la maana kwa bahati mbaya. Hata mimi hilo linanikera, kuna maprofesa kule wamegundua dola ya Urusi ilikuwa ya kikoloni mwaka 2022 na ofisi yao iko ghorofa moja na watu wa masomo ya Afrika wanaolisema miaka 60. Mngeteremka tu ngazi.

Mzee, nakuheshimu lakini kwenye ushauri natofautiana na wewe. Wewe ulisomeshwa na serikali mbili, ukarudi una ajira. Huyu kauziwa kiwanja. Hawezi kuchagua kwa kulipa deni la kitunguu.

Mzee wa Kiwira:

Hapo umenipata mwalimu. Sikuliwaza la ajira.

Ifunda Kwetu:

Samahanini naingia nje ya mada kidogo au labda ni ndani. Mmetaja Kipolandi mara nyingi. Hapa Ifunda kuna makaburi ya Wapolandi, watu wengi wa Iringa mjini hata hawajui, wanapita na basi kwenda Mafinga basi.

Babu yangu alikuwa mchanja kuni kambini kwao. Anasema walikuja enzi za vita ya pili, wanawake na watoto wengi, wanaume wachache, wembamba, wanaogopa mbwa. Baadaye nimesoma kwamba Stalin aliwasomba kutoka mashariki ya Poland ya wakati ule 1940 na 1941 akawapeleka Siberia na Kazakhstan, Hitler alipovamia Urusi wakaachiwa, 1942 wakapitia Iran, Waingereza wakawatawanya makoloni. Tengeru kule Arusha ndiyo ilikuwa kubwa, watu kama 5,000, ila na huku kwetu walikuwepo, Ifunda hapa na Kidugala kule Njombe. Walipoondoka pakaja kuwa shule ya ufundi. Babu alibaki na neno moja tu, drewno, alikuwa anatuita nalo tukamletee kuni na sisi tukajua ni Kihehe cha zamani.

Sasa shida yangu. Kuna kijiwe kimoja cha kaburi pembeni, kidogo, hakuna anayekisafisha, nimekipiga picha leo asubuhi baada ya kuona uzi huu ila picha haipandi bando limeisha, naandika ninachokiona. Juu S.P. hiyo S ina alama kama jicho juu yake. Jina limeliwa na kuvu kabisa. Chini yake ZYL, Z ina nukta, L wamekosea wakaikata kwa mstari. Halafu pengo, namba imemomonyoka. Halafu LATA. Mstari wa mwisho PROSI O ZDROWAS MARYJA.

Dada unaweza kusoma?

binti_uyole:

Kaka ngoja nikae vizuri.

Hiyo L hawajakosea. Ni herufi yao Ł, inatamkwa kama w yetu. Ś.P. ni świętej pamięci, ndo tunavyoandika marehemu. Mstari wa mwisho, "anaomba Salamu Maria", yani mpita njia amsalie.

ŻYŁ ni "aliishi", na ni wa kiume, angekuwa wa kike wangeandika ŻYŁA.

Na LATA ni miaka, ila Kipolandi kina ukorofi wa namba ambao ulinifelisha jaribio la Desemba. Mwaka mmoja ni rok. Miwili, mitatu, minne ni lata. Kuanzia mitano inageuka inakuwa lat, mpaka ukifika 22, 23, 24 ndo lata inarudi, halafu 32 hivyo hivyo. Kwa hiyo namba iliyofutika inaishia na 2, 3 au 4, na siyo 12 wala 13 wala 14, hizo ni lat. Ama ni mtu mzima wa ishirini na kitu, thelathini na kitu, ama ni mtoto mdogo sana.

Kaburi lenyewe lina urefu gani?

Ifunda Kwetu:

Nimetoka kulipima kwa hatua. Moja, ya pili haikutimia.

Mzee wa Kiwira:

Mungu amlaze pema.

Ifunda Kwetu:

Amina mzee. Naenda dukani kutafuta brashi ya waya, ile kuvu kwenye jina leo inatoka.

binti_uyole:

Kaka usitumie ya waya!! Itakula herufi zilizobaki. Maji na kitambaa laini tu, ikigoma iache. Halafu rudi saa kumi na mbili kasoro jua likiwa chini, piga picha ukiwa pembeni siyo mbele, kivuli kikiingia kwenye mikwaruzo jina linaweza kujitokeza lenyewe. Nitumie namba yako PM nikurushie bando.